Simu Zibaki Nje ya Pazia

Juzi walikuja kwangu wasichana wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, wamevaa mabuibui mapya, wanataka kufungua saluni ya maharusi pale Makadara. Chumba wamepata, viti wamepata, hata jina la saluni wameshaliandikisha. Walikuja kuniuliza mimi Mishi, mpambaji mstaafu wa hapa Kuze, hina nzuri hukorogwaje. Niliwapa kahawa na visheti, kisha nikawauliza: "Mmoja wenu akishikwa na tumbo la kuendesha, mwenziwe atamwambia nani?"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yule mfupi akasema, "Bibi, hilo nalo ni swali la biashara?"

Nikamwambia ndilo la kwanza. Lakini walikuwa na haraka, tuktuk yao ilikuwa yangoja kwenye barabara kubwa, basi niliwaeleza hina wakaenda zao. Jibu hawakunipa. Nyumba ilipotulia nikaona ni afadhali niliandike, kwa ajili yao na kwa ajili yenu nyote mnaotaka kuingia ubia na mtu. Muda ninao. Siku hizi muda ndio nilio nao mwingi kuliko kitu chochote.

Hina kwanza, msije mkasema bibi amewanyima. Nunueni majani, si unga wa paketi. Yasageni, mchunge kwa kitambaa chepesi mara tatu, na mara ya tatu mchunge kama vile hamjachunga kabisa. Korogeni kwa ndimu na chai ya rangi iliyopoa, mfunike, mngoje. Akija mtu akawaambia mtie dawa ya nywele ili iwe nyeusi upesi, mtoeni nje na dawa yake, kwa maana nimeona mikono iliyovimba ikatoka malengelenge siku mbili kabla ya nikaha. Ikishakauka mkononi, ipakeni maji ya ndimu yaliyotiwa sukari, ishike. Bibi harusi asioshe kwa sabuni. Atasema amechoka kukaa mikono juu. Mwambieni atachoka zaidi akishaolewa. Atacheka, na akicheka mabega hushuka, nanyi mtachora vizuri.

Lakini hina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni singo. Singo ni asmini, mawaridi, mkadi, karafuu kidogo na liwa, ule mti wa manukato, iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi, na kwayo bibi harusi husuguliwa mwili mzima mpaka ngozi ing'ae. Fikirini maana yake. Binti wa watu, aliyelelewa kujisitiri, anakaa mbele yako amejifunga leso moja tu. Unamwona alipoungua utotoni, unaona alichomficha hata mamake. Mara nyingine analia, na hujui kama ni furaha au la, na si kazi yako kujua. Kazi yako ni kusugua.

Aliyenifunza ni Bi Mwanakombo, somo, yaani kungwi, wa maharusi wengi wa mtaa huu, mwanamke mfupi wa maneno machache. Jiwe la liwa lilikuwa lake. Mwaka wangu wa kwanza nilimsinga naye binti mmoja, na binti yule alikuwa na nywele ambazo sijapata kuona nyingine. Kesho yake nimekwenda kununua ndimu nikakutana na shangazi wa bwana harusi. Nikataka kumfurahisha. Nikamwambia, "Mmepata mke, mashallah, nywele zake zamfika—" Nikaonyesha kwa mkono. Hata leo siwaambii mkono ulifika wapi.

Nilikuwa nasifu. Sikutia neno baya hata moja. Lakini shangazi alimwambia dadake, dadake akasimulia mbele ya wanawe, na kabla ya Alhamisi ndugu wa bwana harusi, vijana wazima, walikuwa wajua nywele za shemeji yao zafika wapi. Mamake binti alizisikia habari hizo akiwa kwenye duka la samaki.

Bi Mwanakombo hakunipiga wala hakunitukana. Aliniita tu nije karibu. "Mishi, ndoo hapa. Nywele za mwana wa watu wazijua wewe na mimi. Huyu wa tatu amezijuaje?"

"Bi Mwanakombo, mimi nilisifu tu."

"Kusifu ni kusema. Kaa hapo nde ya pazia."

Nilikaa nje ya pazia miezi saba. Kazi yangu ikawa kuchunga hina na kusaga liwa, nimelipa mgongo lile pazia, nasikia maharusi wakicheka ndani na mimi simo. Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi kidole kingepona kwa wiki moja. Siku aliponirudisha ndani aliniambia neno moja tu: atakayeingia humu na wewe, mchague kwa anachoweza kukinyamazia. Kisha akanipa ndoo nikachote maji.

Alipofariki aliniachia jiwe, na mimi nikaja kumchagua Nuru.

Nuru nilisoma naye chuo cha Kurani hapa hapa Kuze, tukikaa mkeka mmoja. Alikuwa na kicheko cha kusikika mtaa wa tatu, na mwalimu alikuwa akitupiga sote wawili kwa kicheko chake. Alipofiwa na mumewe alifungua saluni Makadara ili amlee binti yake Salma, na akaja kwangu. Yeye ana viti, ana mashine za nywele, ana kioo kikubwa cha ukuta mzima alichokipenda kuliko dhahabu. Mimi nina hina, nina singo na jina nililoachiwa na Bi Mwanakombo. Tukasema tuungane. Hatukuandikiana. Tulisoma Fatiha, nikaweka sharti moja: chumba cha ndani kina pazia, na nyuma ya pazia haingii mtu asiye na kazi, wala neno halitoki.

"Kwani mimi sikujui, Mishi?" akaniambia. "Pazia lako nitalishona mwenyewe."

Na alilishona, la kijani, la kitambaa kizito.

Ile ilikuwa miaka mizuri. Semeni mtakavyo, kazi na rafiki yako ni raha isiyo na mfano. Asubuhi mimi hupitia mahamri, yeye huwa ameshapasha mbaazi, tunakula kabla ya mteja wa kwanza, na yeye anasimulia mambo ya mtaa huku akiiga sauti za watu mpaka napaliwa na chai. Alikuwa mkarimu. Bibi harusi fukara wa Majengo alipambwa sawasawa na wa majumba makubwa, na Nuru ndiye aliyekuwa akisema, "Huyu tumtie asmini zaidi, kwao hawana wa kumtilia." Nawaambia haya ili msimwone kuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningekuwa nalala vizuri.

Kisha zikaja simu za picha. Kila mtaa ukaota saluni, na kila saluni ikawa na ukurasa wake mtandaoni wenye picha za maharusi. Viti vyetu vikaanza kukaa vitupu. Nuru akawa haniigizii tena sauti za watu.

"Mishi, watu siku hizi hununua kwa mato, mpaka waone," akaniambia siku moja tukila. "Wewe kazi yako haionekani. Nitamwambiaje mtu kwamba wewe ndiwe bora, ikiwa hata ua moja hajaliona?"

"Aulize walioolewa."

"Walioolewa wana watoto, hawana wakati wa kukusifu. Basi mikono tu. Mikono yenye hina, basi. Uso hapana, jina hapana. Mikono ina aibu gani?"

Nilifikiri siku mbili. Mikono hata sokoni huonekana. Na nilimhurumia, na nilijiona mtu wa kale mwenye kichwa kigumu, na zaidi ya yote sikutaka kula mbaazi na mtu aliyenikasirikia. Nikakubali. Kosa ni hapo, wala si mbele zaidi. Sharti lilikuwa moja tu, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifungua kidogo ili rafiki yangu anichekee tena.

Alikuwako bibi harusi mmoja, jina simtaji. Tulikuwa tumemaliza singo, yumo ndani ya leso, nywele zimeachwa zikauke, hina imekolea mikononi kama sijapata kuchora. Nuru akaingia na simu. Yule binti akanitazama mimi, hakumtazama Nuru. "Mikono tu, somo?"

"Mikono tu, mwanangu," nikamwambia. Na mimi ndiye niliyemnyooshea mkono upande wa dirisha ili upate mwangaza.

Picha ilikuwa ya mikono tu. Lakini siku ile joto lilikuwa kali, na pazia tulikuwa tumelisogeza ili upepo wa feni ya nje ufike. Nje kulikuwa na kioo kikubwa cha Nuru. Na katika kona ya picha, juu ya mikono ile mizuri, kioo kilimwonyesha binti mzima na leso yake, mabega wazi, nywele wazi, uso umeinama. Mimi sikuangalia kona. Nuru hakuangalia kona. Wengine waliangalia kona.

Ilipita simu hadi simu kwa alasiri moja. Nuru aliifuta mara tu alipoambiwa, naapa aliifuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ndoa haikuvunjika, bwana harusi alikuwa mtu muungwana, Mungu amlipe. Kilichovunjika ni kitu kingine. Siku ya kupamba, wanawake walijaa ukumbini, maua yamepangwa, kiti cha bibi harusi kimewekwa juu. Nyinyi wa bara mnaonisoma labda hamjui: siku ile ni ya wanawake peke yao, ndiyo siku binti huonekana amepambwa, na huonekana mara moja tu maishani. Yule binti hakutoka. Alisema ameshaonekana. Wanawake walikaa saa mbili mbele ya kiti kitupu, kisha wakala, wakaenda majumbani kwao.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mamake alinifungulia, akanisalimia kwa heshima zote, akaniletea maji. Binti akaja akakaa mbali kidogo na mimi. Hakunikaripia. Alisema, "Somo, mimi sikumwamini yule mwenye simu. Nilikuamini wewe."

Nikayanywa yale maji, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilirudi saluni nikamwambia Nuru tuufunge ukurasa wa mtandaoni, tuombe radhi, tuanze tena na pazia letu. Alikuwa amevimba macho kwa kulia. Hakuwa amelala.

"Nimeifuta, Mishi. Nimekwenda kwao kabla yako, hawakunifungulia. Wataka nini tena?"

"Nataka simu isiingie ndani tena. Kabisa."

"Ukurasa ndio unaotuletea watu. Nitakiondoa kioo, nitaangalia kona zote nne. Lakini kuufunga siwezi. Nina mtoto yuko chuo kikuu. Wewe wataka tufe na njaa kwa sababu ya pazia?"

"Hilo pazia ulilishona wewe."

"Nililishona nikiwa na wateja," akasema.

Nikamwambia basi mimi naondoka. Akaniambia nenda. Sidhani kama yeyote kati yetu aliamini tunachosema. Nikalibeba jiwe la liwa, ambalo kwa kweli halibebeki, nikaliingiza kwenye tuktuk. Dereva akaniuliza, "Mama, wajenga?" Nikamwambia nabomoa. Akadhani namfanyia mzaha, akacheka njia nzima hadi Kuze.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wazee wenzangu huwadanganya vijana. Huwaambia shika msimamo, Mungu atakulipa, wateja watakuja wenyewe. Wangu hawakuja. Wasichana niliowafunza walibaki na Nuru, na wana haki, walihitaji kazi. Saluni yake ikakua, ikahamia chumba kikubwa. Mimi nilisinga maharusi wachache, wa familia za kale na wale wenye jambo la kuficha, humu humu chumbani kwangu, simu zote zikiwa ndani ya kikapu mlangoni. Nililala na roho safi na nyumba tupu. Roho safi haipashi mbaazi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikinunua mahamri ya watu wawili kwa mazoea, na yale ya mtu wa pili nampa paka.

Na Nuru alikuwa kichochoro cha tatu kutoka kwangu. Tulipokutana tulisalimiana. Hujambo, sijambo, watoto hawajambo. Salamu ndizo zilizoniuma. Ugomvi ungekuwa nafuu. Kila Idd alimtuma Salma na sahani ya biriani, imefunikwa kwa kitambaa. Nanyi mwajua sahani ya jirani hairudi tupu. Nikairudisha na halua, au na kaimati, au na asmini nilizotunga. Sahani ile ilikwenda na kurudi miaka yote. Sisi wenyewe hatukuvuka vizingiti.

Nilikuwa na haki? Nilikuwa nayo. Nitaisema hata mbele ya Mola wangu. Lakini haki yangu ilikuwa ya kuuvunja ubia. Urafiki sikuwa na sababu ya kuuvunja, niliuacha tu ufe kwa kiburi, nikingoja yeye aje kwanza. Nyinyi mkiona mwenzenu wa biashara anataka kwenda msikoweza kwenda, ondokeni. Lakini mkishaondoka, rudini siku ya pili na mahamri.

Baadaye mikono yangu ikaanza kutetemeka, nikaacha kazi. Nikasikia Nuru anaumwa na hataki kuonwa na watu. Kila asubuhi nilivaa buibui nikasema leo nakwenda. Mara moja nilifika mpaka kona ya nyumba yake. Nikasikia mtu anakohoa dirishani, nikajua ni yeye, nikageuka. Nilijiambia hataki kuonwa. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akanisalimia tu.

Mwaka jana, asubuhi, baada tu ya jua kuchomoza, Salma aligonga mlango wangu. Mikononi hakuwa na sahani.

"Mama ametangulia," akasema. Kisha akasema upesi upesi, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. "Ameacha wasia. Amesema aoshwe na Mishi. Asiingie mtu mwingine ila mimi wa kumimina maji. Na simu zibaki nje."

Nililichukua jiwe. Salma alilibeba upande mmoja na mimi mwingine. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wengine ni wale wanafunzi wangu, wakanipisha. Katika mlango wa chumba alicholazwa kulikuwa kumetungikwa pazia la kijani, la kitambaa kizito, limefifia kwa kufuliwa. Sikujua kwamba alilihifadhi.

Nikasaga kafuri na liwa juu ya jiwe la Bi Mwanakombo. Mikono yangu, ambayo haikuwa ikiweza hata kushika kikombe, ilitulia. Nikamwosha kwa majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza, taratibu, kama nilivyowasinga wale mabinti wote tuliowapamba pamoja. Tulipokuwa katikati, Salma alinong'ona, "Mama alisema utaona kitu. Akasema, Mishi hatauliza."

Nilikiona. Sikuuliza.

Nilipotoka, wale wanawake walinizunguka, kwa mapenzi yao, wakitaka kujua alikuwaje, alikonda kiasi gani, ugonjwa ulikuwa wapi. Nikawaambia Nuru alikuwa mzuri. Wakangoja niendelee. Nikaomba maji ya kunawa.

Nanyi mnangoja niendelee, naona. Kaeni hapo nje ya pazia na wenzenu.

Wasichana wangu wa Makadara, swali langu la tumbo lilikuwa hili. Mtu atakuletea viti, atakuletea wateja, atakuletea na kioo cha ukuta mzima, na vyote vina faida. Lakini kabla hamjasoma Fatiha, mtazame usoni ujiulize kama siku ambayo huwezi kujifunika mwenyewe, ungependa awe ndani au nje. Nuru alikuwa amejiuliza swali hilo, na alinijibu. Alichelewa miaka mingi kunijibu, na mimi nilichelewa mingi zaidi kwenda kulisikia jibu.

Sahani yake ya Idd ya mwisho bado iko juu ya kabati langu. Nilikuwa nangoja asmini zichanue vizuri ndipo niirudishe.

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Wa kuniosha mimi nilikuwa naye mmoja, na nimeshamwosha.